Vipepeo Vinne na Mlango Mmoja

Dada yangu alishika mimba, akaikuza, akajifungua, na muda wote huo mimi nilikuwa bado nachagua njia ya kupitishia hewa kwenye injini. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili anayesoma ajue anashughulika na mtu wa namna gani. Yeye alitengeneza binadamu kamili, mwenye kucha na nyusi. Mimi nilikuwa sijamaliza bomba.

Gari lenyewe lilikuwa dogo la abiria, la petroli, silinda nne, lenye turbo. Lilikaa nyuma ya gereji tuliyofanyia kazi Nyamugari, hapa Gitega, mpaka majani yakaota kuzunguka matairi. Mwenyewe alilileta likiwa limegongwa mbele, akaenda zake, hakurudi. Mwenye gereji, ambaye sote tulimwita patro, alikuwa amechoka kulizunguka kila asubuhi akienda kufungua stoo. Siku moja alilipiga teke kwenye bampa, akanigeukia.

"We, Mtanzania. Hii motoka ukiiwasha, ni yako."

"Patro unatania."

"Mi natania na watoto yangu. Usukani iko upande wa Tanzania, na we umetoka Tanzania. Mtasikilizana."

Mimi ni Mrundi. Ila nilizaliwa kambini, ng'ambo ya mpaka, nikasomea huko madarasa machache niliyosoma, na tuliporudi baada ya amani nilikuwa tayari nimeota ndevu tatu na Kiswahili cha watu wengine. Waislamu wa Nyamugari, ambao Kiswahili ni chao tangu babu zao, walinicheka kwa sababu nilisema "samahani" kabla ya kuomba spana. Wao husema "leta". Jina la Mtanzania likanishika, nami sikulikataa, kwa kuwa lilikuwa afadhali kuliko mengine niliyostahili.

Jioni ile nilimkuta mama akichekecha unga wa muhogo anaouza mlangoni petu. Nikamweleza habari ya gari. Chekecheo likasimama.

"Litafika Butihinda?"

"Litafika."

"Na mimi nitakaa mbele?"

"Utakaa wapi kwingine, mama?"

Lazima nieleze kwa nini aliuliza. Tulirudi Burundi kwa lori. Lilitushusha Butihinda, mkoani Muyinga, mbele ya watu waliokusanyika kuona nani amerudi na nani hakurudi. Baba alikuwa miongoni mwa wasiorudi. Tulimwacha kaburini kule kambini. Lori halikuwa na ngazi. Wanaume waliruka, watoto wakashushwa kama magunia, na mama, aliyekuwa ameshika sufuria mkono mmoja na kitenge mkono mwingine, ilibidi achague cha kuokoa. Aliokoa sufuria. Kitenge kilinasa kwenye ndoano ya lori, na mama akatua kwa magoti katika ardhi aliyoilia miaka yote ile, amebaki na gaguro tu.

Kuna mwanamke mmoja alicheka kuliko wote. Baadaye mtoto wake wa kiume alimuoa dada yangu, na tangu hapo yeye na mama wanaitana bamwana, kama wanavyoitana kwa Kirundi wazazi ambao watoto wao wameoana. Wanapendana, nadhani. Lakini hakuna harusi wala msiba ambapo bamwana hajasimulia lile gaguro, na kila mara anaongeza urefu wa lori.

"Nataka siku moja bamwana anione nikishuka kwa mlango," mama akasema, akirudia kuchekecha. "Polepole. Mguu mmoja, halafu wa pili."

Mtu mwenye akili angekwenda moja kwa moja kuangalia mlango. Mimi nilikwenda kufungua boneti.

Mlango wa abiria wa mbele niliuona, nisidanganye. Ile ajali ilikuwa imeulegeza. Ulining'inia kwenye bawaba ya juu, na kuufunga ilibidi uunyanyue kidogo kwa kiuno. Nikajiambia kesho. Kichwani mwangu kuna chumba kikubwa kinachoitwa kesho, na vitu vyote vyenye faida vimepangwa humo vizuri.

Kilichonivuta ni hewa. Nieleze kwa ufupi, ingawa ufupi si kipaji changu. Injini ya petroli inakunywa hewa kupitia koo, na ndani ya koo kuna kibamba cha duara kinacholala ukikanyaga mafuta na kusimama ukiachia. Patro na mafundi wote wa Gitega wanakiita papiyo, kwa Kifaransa, yaani kipepeo. Baada ya kipepeo hewa inaingia kwenye tumbo, chombo kama sufuria iliyofunikwa, na humo inagawanywa kwa mabomba manne, kila silinda na lake. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, na kazi yake ni kuishindilia hewa kwa nguvu kuliko injini ingeweza kuvuta peke yake. Kwa milima yetu, ambako hewa ni nyepesi, ni neema.

Gari langu halikuwa na koo wala tumbo. Tumbo lilipasuka kwenye ajali, na koo lilifunguliwa na mtu, likauzwa, patro akaapa hajui nani. Lakini kwenye rafu ya stoo kulikuwa na koo na tumbo vya injini ya aina ile ile, isiyo na turbo. Vingekaa kwa kuchomelea kidogo. Patro alivishusha mwenyewe, akavipangusa kwa kanzu kuukuu.

"Bon. Asubuhi unachomelea, mchana unawasha."

Asubuhi. Mchana. Naomba maneno hayo yakumbukwe.

"Patro, hili koo ni la injini inayojivutia yenyewe. Huenda ni jembamba."

"Na yako itakuwa inavutiwa na nani?"

Nilikwenda kusoma. Sikufundishwa ufundi na mtu. Nilijifunza kwenye simu, na simu haina tabia ya kukuambia inatosha sasa, kachomelee. Nilitaka kujua koo liwe na upana gani. Kabla sijajua, nikakutana na swali la tumbo: likiwa kubwa, gari linachelewa kuitika lakini likiitika linavuta, likiwa dogo, linaitika upesi na kuchoka upesi. Halafu urefu wa mabomba. Marefu yanasaidia mlimani, mafupi yanasaidia tambarare. Nilikata mabomba ya kadibodi, nikayapanga kitandani, nikalala sakafuni ili nisiyavuruge.

Mwalimu wangu mkuu alikuwa mzungu mmoja kwenye video, mwenye kusema lugha ambayo mpaka leo siijui. Nilimfuata kwa macho. Kabla ya kukaza kila boliti alikunja viganja mbele ya mdomo na kuvipuliza. Nikaamini ni sehemu ya kazi; labda pumzi inaondoa vumbi, labda unyevu wake unasaidia boliti kushika. Nilipuliza viganja kwa miezi. Wenzangu gereji walidhani naomba dua, na mmoja wao kwa heshima akawa ananyamaza mpaka nimalize. Mpaka siku kamera ilipogeuka kidogo, nikaona dirisha nyuma yake, na nje theluji. Yule bwana alikuwa anasikia baridi tu.

Ni yeye aliyenitia ugonjwa wa makoo manne. Gari lake halikuwa na koo moja. Kila silinda ilikuwa na koo lake na kipepeo chake, vinne kwa safu, vikifunguka pamoja kama macho. Muuza spea mmoja sokoni Gitega alikuwa na makoo ya namna hiyo, yaliyotolewa kwenye pikipiki kubwa. Nikampa redio yangu, akanipa gunia lenye makoo.

Bado sikuwa na hakika. Mimi sina hakika hata na jina langu nikiulizwa ghafla. Kilichonimaliza ni chungu cha pombe.

Nilikuwa nimepanda basi kwenda Butihinda kumsalimia dada, mimba yake ikiwa imeanza kuonekana. Bamwana alitoa impeke, pombe ya mtama. Chungu kiliwekwa katikati ya sebule, na wazee wanne wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wa tete. Hakuna aliyemngojea mwenzake. Hakuna aliyepokonya. Pombe ilishuka chunguni kimya kimya, sawasawa, kama kwamba chungu chenyewe kinapumua. Wengine pale waliona pombe. Mimi niliona injini yangu.

Nikapiga magoti kuangalia mirija kwa karibu. Nikamuuliza mume wa bamwana:

"Baba, hii mirija yote ni ya urefu mmoja?"

Akautoa wake mdomoni. "Unataka kunywa au unataka kunishonea suti?"

"Mwacheni," bamwana akasema. "Kakulia Tanzania huyo. Kule wanakunywa kwa rula."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Sikujali. Nilikuwa nimepata jibu: wanywaji wanne, mirija minne, chungu kimoja. Niliporudi Gitega nilimweleza patro kwa mikono yote miwili. Yeye hajawahi kuonja pombe maisha yake. Alivua kofia yake ya mkono, akaishika kifuani.

"Ngoja. We umeenda kusoma injini kwenye chungu ya pombe?"

"Sikunywa, patro. Niliangalia tu."

"Astaghfirullah. Basi ikianza kutembea kama mulevi, usiniite."

Nilijenga. Lazima niseme ukweli, ilikuwa kazi nzuri. Nilitengeneza tumbo kwa bati nene, likawa linapokea hewa ya turbo na kuigawa kwa makoo manne. Niliyasugua mabomba kwa ndani kwa msasa mpaka nikawa naona meno yangu. Patro alipita, akachungulia.

"Hewa haina macho. We iko unasafishia nani?"

"Ipite bila kukwaruzwa, patro."

"Na ile mlango?"

"Kesho."

Vipepeo vinne vinatakiwa vifunguke sawa, bila tofauti hata ya unywele, la sivyo injini inatetemeka. Nikabuni kipimo. Nilichukua mipira minne ya dripu kutoka duka la dawa, nikaifunga ubaoni, nikatia oili ndani na kuunganisha kila mpira na koo lake. Oili ikisimama usawa mmoja, makoo yanavuta sawa. Nilijiona profesa. Nikawasha.

Injini ilikohoa, ikashika, ikanguruma, na koo la tatu, ambalo lilikuwa na kiu kuliko mengine, likanywa oili yote kwa pumzi moja. Moshi uliotoka sijui niufananishe na nini. Ulijaa gereji, ukavuka ukuta, ukaingia mtaani. Ilikuwa Ijumaa mchana. Patro alikuwa anarudi kutoka msikitini na majirani wawili, wote kwa kanzu nyeupe, na moshi uliwakuta pale langoni ukawameza wote watatu. Nikawasikia wakikohoa kabla sijawaona.

"Imewaka, patro!" nikapaza sauti.

"Tunaona," ikajibu sauti kutoka moshini. "Hapana. Hatuoni."

Lakini aliitunza ahadi yake. Gari likawa langu. Alisema tu nilitoe gerejini kwake, na wakati wa kutoka niushikilie ule mlango usije ukamwangukia mtu mguuni.

Dada akajifungua mtoto wa kike. Kwetu, mama akijifungua, ndugu zake hufunga safari kumpelekea chakula na vinywaji na kumwona mtoto, tunaita guhemba. Mama na bamwana walipanga siku kwa simu bila kuniuliza.

"Jumamosi," mama akaniambia. "Nimemwambia tunakuja kwa gari la mwanangu."

"Mama, gari bado."

"Limewaka. Nyamugari nzima imenusa."

"Nipe wiki mbili tu. Kuna mtetemo kidogo kwenye koo la tatu."

"Wiki mbili mjukuu atanipokea kwa kutembea. Jumamosi."

Kwa hiyo siku mbili kabla nilikwenda kulijaribu barabara ya Giheta. Na kwa kuwa mimi ni mimi, sikutaka jaribio la ovyo. Nilitaka gari liwe na uzito ule ule wa safari. Nikachukua gunia la unga wa muhogo ambalo mama alikuwa ameliandaa kwa ajili ya dada, nikaliketisha kwenye kiti cha mbele. Mkanda wa kiti kile haukuwepo. Nao ulikuwa kwenye chumba cha kesho.

Nisiwe mchoyo: kuna dakika chache ambazo zilikuwa tamu. Mlima wa kwanza nilikanyaga mafuta, vipepeo vinne vikalala kwa pamoja, turbo ikapiga mluzi, na gari likapanda kama limeitwa jina. Nilipiga kelele peke yangu. Nililiambia gunia, "Umeona?"

Halafu barabara ikateremka kuelekea soko la Giheta. Mbele yangu basi dogo lilisimama kupakia. Nikakanyaga breki.

Breki ilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia. Nilikanyaga kwa miguu miwili. Gari lilipunguza mwendo kwa namna ya mtu anayefikiria kama akusalimie au asikusalimie. Nikavuta breki ya mkono, nikarudisha gia chini, nikakata kona nje ya lami, na tukasimama juu ya rundo la viazi vitamu.

Hakuna aliyeumia. Gunia liliruka, likagonga kioo cha mbele, likapasuka. Nilishuka nikiwa mweupe kuanzia nywele mpaka mkanda wa suruali. Mwenye viazi, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya bonde, alinitazama, akatazama gari, akatazama unga.

"Yoo! Mpishi! Na maji umeleta?"

"Samahani, mama. Samahani sana."

"Viazi vyangu vimekukosea nini?"

Nilivipanga upya, nikinunua vilivyopondeka. Nilivipanga kwa ukubwa, vidogo mbele, vikubwa nyuma, mpaka yule mama akasema inatosha, niondoke, wateja wanaogopa.

Ndipo nikarudi garini, nikaona mahali gunia lilipogonga kioo. Palikuwa na doa la unga la duara, usawa wa uso wa mama akiwa ameketi. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara.

Kosa nililijua pale pale, na ndilo lililoniumiza. Halikuwa kosa la kuhitaji kusoma. Mguu wa dereva kwenye breki unasaidiwa na ule mvuto wa hewa ulioko nyuma ya kipepeo. Injini yenye koo moja ina mvuto mmoja mkubwa ndani ya tumbo, na mpira wa breki unavuta hapo. Mimi nilikuwa nimeugawa mvuto kwa makoo manne, halafu nikachomeka mpira wa breki kwenye koo moja tu, la tatu, kwa sababu ndipo ulipokaa vizuri kwa macho. Kwenye impeke kila mzee ana mrija wake na hakuna anayemtegemea mwenzake. Ila hakuna mzee pale aliyekuwa anasimamisha gari kwa mrija wake.

Makoo manne yanaweza kutengenezwa vizuri, kwa mtu mwenye muda na vifaa. Nilijua hata namna ya kuukusanya mvuto wa yote manne. Ningehitaji wiki mbili.

Nilirudi Gitega kwa gia ya kwanza. Mama alikuwa mlangoni.

"Unga uko wapi?"

"Giheta."

"Giheta sehemu gani?"

"Sehemu nyingi."

Nikamweleza. Sikuficha. Nikamwambia lile gunia lilikuwa limekaa mahali pake, kwa uzito wake, ili nijue gari litakavyokuwa akiwa ndani.

"Kwa hiyo lile gunia lilikuwa mimi."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimepasuka."

"Ndiyo."

Alijipangusa mikono, akafikiri. "Basi Jumamosi sitaki kupasuka."

Ijumaa asubuhi nililirudisha gari gerejini, nikayafungua makoo manne, nikashusha lile koo moja la rafuni pamoja na tumbo lake. Asubuhi nilichomelea. Mchana niliwasha. Injini ilishika mara ya kwanza, ikatulia, ikabaki inanguruma kwa sauti moja, na breki ikawa laini chini ya mguu. Lilipanda mlima vizuri tu. Tofauti na makoo manne ilikuwepo, lakini ni mimi na lile gunia tu tuliowahi kuijua, na gunia halipo.

Patro aliweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza. Nilitegemea asinicheke. Sijui kwa nini nilitegemea hivyo.

"Na wale vipepeo ingine, wameruka?"

"Wako stoo, patro. Kwenye gunia."

"Vizuri. Sasa iko na muda. Ile mlango?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa na mchana mzima. Nilifunga mkanda wa kiti, niliotoa kwenye gari jingine, nikaukagua mpaka ukalia. Nililijaribu gari tena na tena, nikisimama ghafla kila nilipopata nafasi. Halafu, badala ya kwenda kwenye bawaba, nilichukua msasa laini nikaanza kung'arisha bomba la hewa kwa nje, kwa sababu pale nilipochomelea palikuwa na mikunjo, na niliwaza watu wa Butihinda wakifunguliwa boneti wataona.

"Kesho, patro."

"Kesho ni Jumamosi."

Jumamosi mama alivaa vazi lake la heshima la kufunga begani, akajitia mafuta, akakaa mbele. Niliunyanyua mlango, nikausukuma kwa kiuno, ukafunga. Nyuma tuliweka gunia jipya la unga, mchele, na kreti ya vinywaji. Njia nzima ya Muyinga alikaa wima, mikono juu ya magoti, kama anapigwa picha. Mlimani turbo ilipoanza mluzi akageuka.

"Hiyo sauti inalalamika?"

"Inafurahi, mama."

"Iambie ifurahi polepole."

Kuingia Butihinda ni barabara ya vumbi yenye mawe. Tulitikisika. Nilisikia kitu kikigonga ndani ya mlango wa mama, mara moja, kama mtu anayebisha hodi. Nikajiambia ni jiwe.

Walikuwa wametoka wote. Bamwana mbele, mume wake, majirani, watoto, na dada yangu kivulini na mtoto mgongoni. Niliegesha nikiwa nimegeuza gari ili upande wa mama ndio uwatazame. Injini sikuizima. Makusudi. Nilitaka waisikie ilivyotulia.

Mama alivuta kitasa. Mlango haukujibu. Akavuta tena, taratibu, akiwa bado anatabasamu kwa watu wa nje. Nikazunguka mbio, nikavuta kwa nje. Nikanyanyua kwa kiuno. Nikapiga. Mlango ulikuwa umeshuka kwenye bawaba yake na kujifungia. Nikamwona bamwana anaanza kukunja midomo kwa ndani, kama mtu anayezuia kitu.

Niliinama dirishani. "Mama, pitia upande wangu. Vuka tu hapo kwenye gia."

Hakunitazama. Alisema bila kufungua meno, "Sikuja kwa lori."

"Dakika moja tu, mama."

"Sivuki, siruki. Wewe fungua." Halafu akashusha kioo mpaka chini, akatoa mkono nje, akapaza sauti yake ya sokoni: "Bamwana! Amani! Nileteeni mjukuu wangu nimwone, huku vijana wakifanya kazi zao."

Kijana aliyefanya kazi zake nilikuwa mimi. Nilijilaza kiti cha nyuma, nikabandua jalada la ndani la mlango kwa bisibisi, nikiwa nimebanwa kati ya kreti na gunia. Juu yangu mtoto alipitishwa dirishani. Bamwana akaja, akainama, akamsalimia mama kwa mikono miwili, kama wanavyosalimiwa watu wa ofisini. Majirani wakapanga foleni nyuma yake. Kila mmoja aliinama. Mama aliketi na mjukuu mapajani, akipokea, akiuliza habari za mazao.

Nikaupata ule waya wa kitasa. Nikauvuta kwa koleo, nikatoka nje, nikauvuta mlango kwa nguvu zangu zote. Ulifunguka. Kisha ukaendelea kufunguka. Bawaba ya juu ililia, ikaachia, na nikajikuta nimesimama mbele ya watu wa Butihinda nimekumbatia mlango wa gari.

Bamwana hakuweza tena. Alicheka akashika magoti. Wote walicheka. Mimi nilimtazama mama tu.

Mama alimkabidhi dada mtoto. Akaweka vazi lake sawa begani. Akateremsha mguu mmoja, akangoja. Halafu wa pili. Alisimama, akamtazama bamwana mpaka kicheko chake kikapungua.

"Wengine wanafunguliwa mlango, bamwana," akasema. "Mimi mwanangu kanitolea wote."

Bamwana akacheka upya, lakini safari hii akamshika mama mkono, na wakaelekea ndani pamoja, polepole, wote wawili.

Nilibaki na mlango. Injini ilikuwa bado inanguruma, kwa sauti moja, bila kutetemeka hata kidogo, kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Hakuna aliyeisikiliza. Nilingoja kidogo, labda mtu ataulizia boneti. Dada akachungulia kutoka ndani.

"Kaka, zima hilo dude. Mtoto anataka kulala."

Nikaegemeza mlango ukutani, nikaenda kuzima.